Mama wa Bibi Harusi Kwenye Benchi la Nyuma

Wapendwa, wenye watoto wadogo wapakateni, maana leo nataka tuingie pamoja katika kanisa moja ambamo hamjawahi kusali. Liko huko milimani kunakolimwa chai, ambako mvua haiulizi ni mwezi gani. Msiende kulitafuta. Nimelijenga mwenyewe wiki hii nikiandaa ibada, na waumini wake nimewabatiza mimi.

Kanisa hilo lilikuwa na msimamo. Pombe, hapana. Ngoma, hapana. Kwenda kwa mganga, hapana kabisa! Aliyeanguka aliitwa mbele ya baraza la wazee, na akikutwa na kosa aliwekwa chini ya nidhamu. Hashiriki Meza ya Bwana, hasimami mbele kwa shughuli yoyote, na anakaa benchi la mwisho kabisa, pale mlangoni, mpaka siku zake ziishe. Sisemi walikosea. Zizi lisilo na ua ni la fisi.

Katika baraza hilo alikuwamo mama mmoja, Mama Tumpale, kiongozi wa akina mama kwa miaka kumi na minane. Mama wa maombi. Akifunga, amefunga kweli. Wazee wenyewe walikuwa wakimwogopa kidogo.

Basi mwaka mmoja aliitwa barazani mwanamke mchuma chai, jina lake Subilaga. Mwanawe alishikwa na degedege, zahanati ni mbali, majirani wakamshauri, naye akambeba mtoto mpaka kwa mganga. Wazee walimsikiliza. Wengine walianza kulegea. Ndipo Mama Tumpale akauliza swali moja tu.

"Subilaga, ulipoingia kwa yule mganga, ulivua viatu?"

"Nilivua, mama."

"Basi hukwenda kutafuta dawa. Uliabudu."

Miezi sita. Subilaga akainamisha kichwa, akasema asante, akaenda kukaa benchi la nyuma. Miezi sita yote alikaa peke yake. Watu walimsalimia kwa mbali, kama unavyomsalimia mtu mwenye surua. Zilipoisha siku zake, akarudi katikati ya wenzake, wala hakumlaumu mtu.

Mwaka uliofuata, mume wa Mama Tumpale akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Hospitali ya kwanza, ya pili, mafuta, maombi ya siku saba. Mzee yuko vilevile. Mnajua mtu aliyechoka anavyofikiri? Siku moja mchana, Mama Tumpale alijifunga kanga mpaka usoni, akapita njia ya mashambani, akaenda. Kwa nani? Kwa mganga yuleyule.

Akaonekana. Huwa tunaonekana, ndugu zangu. Habari zikafika, barua ya baraza ikaandikwa, aje Jumamosi saa tisa. Na binti yake, Tumpale, alikuwa anafunga ndoa baada ya wiki tatu. Katika kanisa hilo mama mzazi ndiye anayemshika binti mkono na kumfikisha madhabahuni. Aliye chini ya nidhamu, hawezi.

Jumamosi ikafika. Mama Tumpale akaingia, na safari hii hakwenda kwenye kiti chake. Alisimama pale wanaposimama wanaoulizwa. Wazee wanaangalia chini. Mwenyekiti akakohoa.

"Mama, sisi ni watu wazima. Tunajua yule mzee anauza pia mizizi ya tumbo, na kila mtu hununua. Huenda na wewe ulikwenda kununua mizizi tu. Ukituambia hivyo, tunaandika hivyo, tunaomba, tunakwenda nyumbani."

Mmeuona mlango huo? Umefunguliwa wazi. Neno moja tu, "mizizi," na harusi imepona, jina limepona, miaka kumi na minane imepona. Wewe ungesemaje? Usinijibu mimi.

Mama Tumpale alisema, "Mwenyekiti, niulizeni kama nilivua viatu."

Mwenyekiti akafunika kalamu yake.

"Niulizeni, wazee wangu. Mbona mwenzangu tulimuuliza?"

Hakuna aliyeuliza.

"Basi nitasema bila kuulizwa. Nilivua. Nikapiga magoti, nikapakwa dawa kwenye paji la uso, nikaitikia alivyoniambia niitikie. Andikeni hivyo."

Mwenyekiti akamwambia, kwa sauti ya chini, "Mama, na harusi ya mtoto?"

"Subilaga alikuwa na mtoto anayekufa mikononi, na hatukusema 'na mtoto je.' Nipeni miezi sita. Siku moja isipungue."

Wakampa. Mzee mmoja alitoka nje akilia.

Nyumbani, binti alipoambiwa, alipiga kelele. "Mama, si ungesema tu ulinunua mizizi!"

"Ningeweza, mwanangu. Tena walinibembeleza." Akamvuta karibu, akasema, "Nisamehe. Kosa ni langu, na wewe ndiye unayelilipa."

Siku ya harusi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Shangazi ndiye aliyemshika Tumpale mkono. Na mama wa bibi harusi? Kule mlangoni, na kitenge chake kipya, peke yake kwenye benchi linalotosha watu wanane. Watu waligeuka, wakatazama, wakarudisha shingo haraka. Kumi na minane, jamani! Miaka kumi na minane aliwapikia kwenye misiba yao, akawashikia watoto wao, na siku ile hapakuwa na mmoja wa kumwazima hata jicho.

Ndipo Subilaga akaingia.

Watu wakagusana viwiko. Kila mtu alijua ni nani aliyemuuliza habari ya viatu. Wakasema moyoni, leo amekuja kumwona mwenzake naye akiaibika. Shemasi akamwonyesha nafasi ya mbele. Subilaga hakwenda. Alisimama pale kwenye benchi la mwisho.

Mama Tumpale akamnong'oneza, "Dada, wewe ulishamaliza siku zako. Nenda mbele."

"Najua nimemaliza, mama. Ndiyo maana najua siku ya kwanza ilivyo. Sogea kidogo."

Akaketi. Mbele kule ndoa ikafungwa, na kwa nyuma wanawake wawili walishikana mikono wakilia na kutabasamu. Na Jumapili iliyofuata alikaa palepale. Na iliyofuata. Miezi sita, wapendwa! Ilipofika Meza ya Bwana, Subilaga alikwenda mbele akashiriki, kisha akapita viti vyote vitupu, akarudi kwa mwenzake.

Nilipoanza kuandaa mfano huu nilitaka tumsifu Mama Tumpale, na tumsifu, maana ni wachache wanaojipimia kwa kipimo walichowapimia wengine. Lakini Subilaga amenishinda. Mama Tumpale alijihukumu kwa haki. Huyu mwingine, haki ilimruhusu kukaa mbele.

Nikaichukua kanuni yetu, ile tunayoisoma sisi hapa, nikaipitia mstari kwa mstari. Imeandikwa kwamba aliye chini ya nidhamu atakaa nyuma. Haikuandikwa popote kwamba atakaa peke yake. Hilo tuliliongeza sisi.

Leo katika kanisa letu wapo watatu chini ya nidhamu. Sitawataja. Mnawajua, kwa sababu mmekuwa mkiwakwepa getini, na mimi nimewakwepa pamoja nanyi. Nyinyi mtafanya nini, sijui. Kila mtu na Mungu wake.

Mzee wa ibada, njoo uendelee na matangazo. Mimi nashuka hapa. Mkinihitaji, niko kule nyuma.