Fisi Aliyedai Mafuta Yake Kwenye Sabuni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama hamjala tangu jana? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa naona mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana bila kuulizana ukoo, palikuwa na Fisi. Fisi huyu alimpenda Kidawa, binti wa Bi Pundamilia. Alimpenda kwelikweli. Usingizi haumjii. Chakula hakipiti. Basi, kilipita kidogo. Akimwona Kidawa, masikio yanamsimama na mate yanamtoka. Msicheke nyie, yalikuwa mate ya mapenzi.

Bi Pundamilia akamwambia, "Mwanangu, sina kinyongo nawe. Ila unanuka. Unanuka mpaka nzi wanakuaga. Kesho asubuhi uje umeoga kwa sabuni, nikupe mke. Ukija hivi ulivyo, namwoza Punda."

Fisi mbio kwa Bi Kima, mpika sabuni. Tifu, tifu, tifu!

"Shikamoo Bi Kima! Nipikie sabuni, nakufa!"

"Marahaba. Sabuni haitoki hewani, baba. Lete mafuta. Lete na majivu ya maganda ya ndizi."

Majivu aliyapata upesi. Mafuta ndiyo yaliyomliza. Alikuwa na donge moja la mafuta ya nyama, kalificha pangoni kwa siku ya shida. Akalinusa. Akalilamba. Akalibeba huku analia.

Bi Kima akayachuja majivu kwa maji. Chururu, chururu. Fisi akachovya ulimi.

"Uwii! Yanaunguza!"

"Nani kakwambia uonje?"

Mafuta yakayeyuka chunguni. Maji ya majivu yakamiminwa. Bwata, bwata, bwata! Koroga, koroga, koroga! Uji ukawa mzito, ukapoa, ukawa sabuni.

Fisi akachungulia. "Mafuta yangu yako wapi?"

"Ndiyo hayo."

"Mbona hayanukii nyama? Na yale maji yaliyoniunguza?"

"Ndiyo hayohayo. Yamekutana na mafuta motoni, yakabadilishana, vikawa kitu kingine. Hapa hakuna kilichopotea. Vyote vimo, lakini si vile tena."

Fisi alisikia "vyote vimo." Yale mengine yalipita na upepo. Mwenye tamaa huchagua la kusikia.

Akashika njia ya mtoni kwenda kuoga. Huku Kidawa, huku mafuta. Moyo ukamvuta kote kote. Akasema, "Choroko zikiingia kwenye mchele, si tunachagua? Pumba zikiwa kwenye nafaka, si tunapeta? Na mimi nitayatoa mafuta yangu."

Akaikatakata sabuni, akaipeta. Peta, peta! Hazikutoka pumba. Akaichekecha. Hakikujitenga kitu. Akaianika, akaikamua, akaisemesha kwa upole. Wapi!

Akarudi kwa Bi Kima amefura. "Nitolee mafuta yangu!"

"We Fisi, we! Choroko na mchele vimechanganyika tu. Choroko bado choroko, mchele bado mchele. Hivi vimeungana. Hata ukichagua mpaka meno yang'oke, hutapata mafuta wala majivu. Nenda ukaoge, mwenzio anakusubiri!"

Angekwenda kuoga, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Fisi alikaa chini, akawaza, "Tumbo langu linasaga mfupa. Litashindwa na hiki? Litayatafuta mafuta lenyewe." Akaikusanya sabuni yote, akaimeza. Gubu!

Kwanza kimya. Kisha tumbo likaanza: guru, guru, guru! Fisi akakimbilia mtoni, akanywa maji mengi. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Povu! Likamtoka mdomoni, likamtoka puani. Akilia, povu. Akicheka, povu. Na kule nyuma nako... hapa pana watoto, tuyaache.

Asubuhi akafika kwa wakwe, macho mekundu. Bi Pundamilia akamzunguka akinusa.

"Umeoga?"

"Nime... pwa! ...oga, mama."

Povu likaruka, likapasukia pua ya mama mkwe.

"Umeosha utumbo, baba. Ngozi bado inanuka."

Kidawa akasogea. "Sabuni uliifanyaje?"

Fisi hakuwa mwongo, tumpe haki yake. "Niliila. Nilikuwa natafuta mafuta yangu."

Kidawa akamfuta povu mdomoni. Naye alimpenda Fisi, na nitasema wazi, iliniuma mimi pia niliposimuliwa. Kisha akasema, machozi yakimlenga:

"Fisi, harufu ningeivumilia. Lakini tukioana, wewe hutabaki yule wa zamani, wala mimi. Tutakuwa kitu kipya. Nawe siku moja utaanza kudai chako cha jana. Utanitafuna mimi ukitafuta mafuta."

Fisi akafungua kinywa ajitetee. Likatoka povu.

Kidawa akaolewa na Punda. Fisi akarudi pangoni bila mke, bila sabuni, bila mafuta.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Vilivyochanganyika vinachambulika. Vilivyoungana vikazaa kitu kipya, vipokee kwa upya wake, wala usivivunje kutafuta ulichotoa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama imekukolea, kaoge. Kama haijakukolea, wewe ndiye uoge kwanza.