Glasi ya Matembele

Ndugu zangu, leo nawaletea mfano wa matembele. Naona mnatazamana. Ndiyo, matembele hayahaya, majani ya viazi vitamu yaliyopo nyuma ya jiko lako.

Palikuwa na mama mmoja mshonaji, mjane, aliyewekewa valvu ya bandia kwenye moyo. Hospitali ikampa vidonge vya kuzuia damu isigande, avimeze kila siku maisha yake yote. Vidonge hivyo havitaki mchezo. Vikipungua, damu inaganda na kuziba njia. Vikizidi, hata kidonda kidogo hakikauki. Kwa hiyo alikuwa akienda kliniki kupimwa damu, na muuguzi akimwongezea au kumpunguzia kufuatana na kipimo.

Akina mama wa jumuiya yake wakasikia kwamba mwenzao anapewa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Mwenyekiti wao akashika kichwa. "Nyepesi? Jamani, watammaliza. Dada yetu lazima aongezewe damu." Na nyie mnajua kwetu sisi damu inaongezwa na nini. Wakapangiana zamu. Kila asubuhi mmoja wao akapita mlangoni na glasi kubwa ya juisi ya matembele, na hakuondoka mpaka aone imekwisha. Mama akanywa. Wewe ungekataa? Mwenzako ametoka kwake alfajiri, miguu imelowa umande, amekuletea uzima, umwambie sitaki?

Wasilolijua ni kwamba majani yale yana vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo inasaidia damu kuganda. Vidonge vinavuta huku, glasi inavuta kule.

Siku ya kliniki muuguzi akatazama kipimo, akakunja uso. "Mama, dawa unameza?"

"Nameza, mwanangu. Sijaruka hata siku moja."

"Kuna kitu umebadilisha katika kula au kunywa? Mboga za majani, labda?"

Mama akawafikiria wale dada zake. Akaona kuwataja ni sawa na kuwashtaki. "Hapana, mwanangu. Nakula vilevile."

Muuguzi afanye nini? Akaongeza vidonge. Mama aliporudi, muuguzi akaongeza tena, mpaka kipimo kikakaa sawa. Jumuiya ikasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba matembele yamemponya dada yao, na watu wakapiga makofi.

Kisha ikakaribia sikukuu ya mavuno. Mapishi, mapambo, mazoezi ya kwaya. Huyu akadhani yule amepeleka, yule akadhani mwenyekiti amepeleka. Glasi ikakatika ghafla, na hakuna aliyepita hata kumwambia. Mama naye hakuuliza. Utamfuata mtu umwambie mbona hukuniletea? Akaendelea kumeza vidonge vilevile vingi, vilivyoongezwa kwa ajili ya majani ambayo sasa hayapo.

Mnaona hii inakokwenda? Mimi mwenyewe nikifika hapa mwili unanisisimka.

Asubuhi ya sikukuu alikuwa kwenye cherehani, anamalizia joho la kwaya. Puani likadondoka tone la damu. Akafuta. Likaja jingine. Joho lilikuwa jeupe, ndugu zangu. Wenzake walipokuja kulichukua walimkuta ameegemea cherehani, joho limekuwa jekundu, macho yako wazi, na mkono wa kulia haunyanyuki.

Hospitalini daktari akaagiza sindano upesi. Mwenyekiti akamwuliza, "Daktari, unamchoma nini?"

"Vitamini K, mama. Damu yake imekataa kuganda. Ni ileile iliyomo kwenye mboga za majani."

Akina mama wale waliganda pale waliposimama. Mwenyekiti akasema taratibu, "Lakini hiyo sisi tulikuwa tunampa. Kila siku. Matembele."

"Mlimpa mpaka lini?"

"Mpaka maandalizi ya sikukuu yalipoanza."

"Na kliniki walijua mlipoanza? Walijua mlipoacha?"

Mwenyekiti akajikaza. "Sasa daktari, majani yetu yalikuwa mabaya au mazuri?"

"Ni chakula kizuri, mama. Angekula kiasi kilekile siku zote, nasi tukajua, tungempimia dawa kulingana nacho. Mngeniuliza kabla ya glasi ya kwanza, ningewaeleza kwa furaha."

Damu ya puani ilikatika. Ile iliyovujia kichwani ilikuwa imeshafanya kazi yake. Mama yuko hai, ila hawezi tena kusema.

Ndugu zangu, jumuiya ile ni sisi. Tunasikia fulani ana shida, tunamkimbilia na glasi zetu, na hatujamwuliza yeye wala anayemtibu. Tunamzoesha mkono wetu mpaka maisha yake yanatuegemea, halafu ikija sikukuu tunautoa, na tunacheza ngoma. Nasi tunaopokea, tunamficha muuguzi ukweli ili tusiwaudhi wanaotupenda. Hiyo adabu gani inayoua? Kama humu ndani yuko anayemeza dawa ya namna hiyo, asiende nyumbani kung'oa matembele yake, na wala asiache dawa. Aende kliniki akaseme anakula nini, anakunywa nini, na nani anamletea.

Wale akina mama wamerudisha zamu. Sasa wanamlisha uji kwa kijiko. Mwenyekiti kila akifika anapiga magoti kando ya kitanda na kumwuliza, "Dada, unataka tukufanyie nini?" Ni swali zuri sana. Lilitakiwa siku ile ya kwanza, kabla hawajachuma hata jani moja. Mama anamtazama, machozi yanamtoka, mdomo unahangaika, na neno halitoki.

Na wewe una mlango unaoupitia kila siku na glasi yako mkononi. Ukitoka hapa leo, kamwulize mwenye nyumba, maana yeye bado ana sauti.