Bibi Nuru na Wali Ulioungua

Hapo zamani, enzi za vitabu vya kunakiliwa kwa mkono, mji wa Ndapo ulikuwa na kaburi la mcha Mungu mmoja, Bibi Nuru. Kila mtu alijua habari zake: alifunga, akaswali, akalia. Basi wanawake wa Ndapo nao walikwenda kaburini kulia.

Akatokea Mejumaa, binti wa msuka mikeka, akaandika kitabu cha kubuni. Humo Bibi Nuru ni msichana. Anacheza ngoma harusini mpaka ushungi unamdondoka. Anaunguza wali siku wanayokuja wakwe, kisha anawapakulia hivyo hivyo na kusema, "Kwetu tunaupenda ukiwa mweusi."

Mji ukachafuka. Maalim Bwanaheri, mhubiri wa Ndapo, akaenda kwa Jumbe, mkuu wa mji. "Kichomwe pale kaburini, na aliyekiandika ahame."

Mejumaa akaitwa. Jumbe akamwonea huruma. "Mwanangu, sema si wewe, uende zako nyumbani."

"Ni mimi, Jumbe."

Moto ukawashwa, watu wakajaa. Lakini Maalim akasema, "Kwanza kisomwe. Sichomi nisichokisikia."

Watu wakarudi nyuma, kila mmoja akiogopa kukishika. Akajitokeza Bi Somoe, mtunza kaburi. Jumbe akamwonya kwamba akikisoma huenda asikanyage tena pale. Akakipokea, akasoma.

Alipofika kwenye wali, mtu akacheka. Watu wakageuka. Alikuwa Maalim mwenyewe, kajiziba mdomo, mabega yanamtikisika. Uwanja mzima ukaangua kicheko, Jumbe akajifuta machozi, na moto ukazimika bila mtu kuujali.

Toka siku hiyo wanawake wakawa wanakwenda kaburini na vigelegele, wakimsimulia Bibi Nuru mambo ya jikoni mwao. Mwaka ulipogeuka, Jumbe akatandika punda mweupe. "Aliyetuletea furaha hii apande, aongoze sherehe ya Bibi Nuru."

Mejumaa akasema, "Ni mimi. Bila kitabu mngecheka nini? Na nilikubali kufukuzwa kuliko kukikana."

Bi Somoe akasema, "Ni mimi, mwanangu. Kitabu kilikuwa kimya mpaka nilipokitia sauti. Nimemtunza Bibi huyu tangu ujana wangu. Waliposikia kinywa changu kinamtaja Bibi akiunguza wali, ndipo walipothubutu kucheka."

Maalim akakohoa. "Nyinyi wawili mlikipenda. Kutetea ukipendacho ni kazi gani? Mimi nilikichukia, nikataka kisikilizwe. Kisha nikacheka mbele ya watu niliowaita mwenyewe kuja kukichoma."

Jumbe akashika hatamu, asijue amkabidhi nani. Haya, wenzangu, nyinyi mmewasikia wote watatu: je, nani apande?