Mpare Aliyekosa Jibu Mlimani

"Mtani akinyamaza, usishangilie." Ndivyo alivyosema shemeji yenu jana kwenye sherehe, na nyie mkabaki mnatazamana kama kuku waliomwagiwa maji. Leo mmenifuata jikoni kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya wajukuu, kila mtu ashike kisu amenye ndizi, maana kusikiliza hakuchoshi mikono. Methali hii ilianza hivi.

Kabla mama yenu hajazaliwa, kulikuwa na fundi wa kuezeka huko kwetu Usangi, jina lake Kajiru Mrutu. Alikuwa kaka yake baba yangu, kwa hiyo kwangu ni baba mkubwa. Fundi hodari, lakini mdomo wake ulijulikana zaidi kuliko nyundo yake. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Mchaga, Ndekirwa Kileo, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Na mnajua Mpare na Mchaga ni watani tangu enzi. Nyie wenyewe mmetoka kwenye utani huohuo, baba yenu wa kule na mama yenu wa huku, kwa hiyo leo mtacheka nusu na kununa nusu.

Kileo akimwona Kajiru hakuanza na salamu. Alianza kwa kumwambia kwamba Wapare ni watu wa kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku. Kajiru naye alimjibu kwamba Mchaga hata akiwa maiti, angusha sarafu uone kama hatafufuka. Siku nzima ilikwenda hivyo. Sheria yao ilikuwa moja tu: anayekosa jibu ameshindwa, na waliopo wanamshangilia mwenzake. Kajiru hakuwahi kukosa jibu. Hata akiugua malaria alijibu kutoka ndani ya blanketi.

Basi mwaka mmoja ikatakiwa kujengwa nyumba ya kulala wageni juu mlimani, kule msitu unakoishia na baridi inakoanza kuuma. Kileo na wenzake walipandisha mbao na mabati polepole, wakilala njiani, wakishuka na kupanda tena, mpaka miili yao ikazoea. Kajiru ndiye aliyetakiwa kuezeka, ila alichelewa. Alikuwa na kesi barazani. Msinicheke, kesi yenyewe ilikuwa ya haki kabisa.

Alipoimaliza akakuta Kileo amemwachia ujumbe kwamba asijisumbue, Wachaga wataezeka wenyewe. Loo, Mpare aambiwe hivyo? Alipanda mlima kwa hasira. Mahali wenzake walipolala, yeye alipita. Alipowafikia aliwaambia kwamba amepanda ngazi za kanisa zenye kuchosha kuliko mlima wao.

Kesho yake alikwea paani akaanza kazi, na kikohozi kikaanza naye. Alisema ni vumbi la mbao. Alipiga misumari michache akapumzika, akapiga tena akapumzika. Ilipofika mchana alishuka akaketi chini, anahema kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Msimamizi wao, mzee Foya, alisema huo ni uchovu wa safari, mpeni uji akae karibu na moto.

Kileo akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akasimama mbele ya watu wote, akatangaza kwamba milima ya Upareni si milima, ni vichuguu, ndiyo maana mtoto wa vichuguu akifika kwenye mlima wa kweli analegea. Watu wakasogea kusubiri jibu. Kajiru akafungua mdomo, akaufunga, akageuza uso.

Hapo wapagazi wakapiga mabati kwa ngumi, wakaimba kwamba Mpare kashindwa, wakambeba Kileo mabegani. Miaka yote walikuwa wakiisubiri siku hiyo. Kileo mwenyewe alicheka, halafu akaacha. Alinisimulia mwenyewe nikiwa msichana, kwamba alipokuwa kule juu mabegani mwa watu alijiuliza: Mpare gani huyu anayeshindwa kesi na hata rufaa hakati? Akajiteremsha, akamwendea Kajiru, akamwekea sikio kifuani. Ndani mlikuwa mnatokota kama chungu cha uji. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau.

"Acheni kelele," Kileo akasema. "Mtani akinyamaza, usishangilie. Huyu anateremka sasa hivi."

Mzee Foya hakukubali. Alisema ukungu umetanda na mawe yanateleza, mgonjwa alale apate nguvu, asubuhi atatembea mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo mtu yeyote angesema kuhusu aliyechoka.

"Mzee Foya," Kileo akamjibu, "ugonjwa wa juu dawa yake iko chini. Nikimwacha alale hapa, kesho kutwa nitakuwa Usangi nachekesha wafiwa, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Na kwa huyu siiwezi kazi hiyo. Siiwezi, mzee wangu."

Foya akamtazama tena mgonjwa. Akavua koti lake akamfunika, akawaambia wawe waangalifu penye mawe.

Ngojeni niwaeleze Kajiru alikuwa na nini, maana baadaye tabibu alimweleza, naye akatueleza sisi mpaka tukachoka. Kule juu hewa ni nyepesi. Unavuta pumzi, kinachofika ndani ni kidogo, basi mwili unakuamuru upumue harakaharaka. Hilo halina ubaya. Lakini ndani ya mapafu kuna vijishipa vidogo vya damu, navyo vina desturi yao. Sehemu ya pafu inayokosa hewa, vijishipa vyake hujibana ili damu ielekee kwenye hewa. Mnamwona babu yenu anavyoziba mfereji upande mmoja, maji yaende kwenye migomba yenye kiu? Ni vilevile, na huku chini ni jambo la busara. Kule juu hewa inapungua katika mapafu yote, na mtu aliyepanda kwa pupa hajaupa mwili nafasi ya kuzoea. Vijishipa vinajibana huku na huku, damu inasukumwa kwa nguvu, kingo zinavuja. Maji yanajaa mahali pa hewa. Mtu anazama akiwa nchi kavu. Mrudishe chini kwenye hewa ya kutosha, na vijishipa vinaanza kulegea.

Kileo hakuyajua hayo yote. Alijua kuteremka tu. Alimfunga Kajiru mgongoni kwa blanketi na kamba ya mizigo, na wale waliokuwa wakipiga mabati wakawa wa kwanza kumpokea alipochoka. Na njia nzima Kileo alimtukana. Alitukana makande yao, akatukana mbuzi wao, akatukana baraza lao na wazee wake wote. Kila akimaliza tusi alinyamaza kusikiliza, na hakusikia kitu ila kile kifua kinachotokota. Wenzake wakamsihi amhurumie mgonjwa. Hakuwasikiliza. Alikuwa akitukana huku machozi yanamtoka, maana aliogopa, na aliniambia wazi kwamba hajawahi kuogopa vile maishani mwake.

Walishuka mpaka katikati ya msitu, penye miti inayoning'iniza ndevu. Wakamwegemeza Kajiru kwenye shina ili wabadilishane. Kileo akaona pumzi zimepunguza mbio, na midomo inaanza kurudia rangi yake. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini akainama akamwambia tena kwamba milima ya Upareni ni vichuguu.

Kajiru akafumbua jicho moja.

"Nikifika chini," akasema kwa vipandevipande, "nitaushtaki mlima wenu. Wachaga nyie wabahili sana. Hata hewa mnabania."

Kileo akaketi kwenye tope akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Kisha akawageukia wenzake akawaambia sasa wanaweza kushangilia, na wakashangilia mpaka ndege wakaruka mitini.

Basi, wajukuu zangu, mtani akinyamaza, usishangilie.