Mto Ulioitwa Barazani

Hapo zamani, katika mji uitwao Kitopeni, alikuwako sultani jina lake Badawi, mtu mwenye huruma nyingi, ila huruma yenyewe alikwisha kuwagawia tausi wake, na watu wakabakiwa na makombo. Mji huo ulipitiwa na mto mdogo uitwao Mbwera. Upande mmoja palikuwa na kasri na uwanda mpana wa matete. Upande wa pili, ardhi ilipoinama, palikuwa na mtaa wa Bondeni, makao ya wafinyanzi na watu wasio na mbele wala nyuma. Kila masika Mbwera ulifurika, ukajimwaga kwenye matete, ukapumzika huko kama mgeni aliyeizoea nyumba, kisha ukaenda zake.

Basi mwaka mmoja Sultani akayafyeka matete, akapanda waridi, na tausi wakapewa bustani ile waringie. Masika yalipofika, tausi wakalowa miguu. Ikawa msiba mkubwa. Sultani akamwita waziri wake, Shamte, pamoja na fundi mkuu aitwaye Zaharani, aliyekuwa amesomea elimu ya maji katika nchi ya jangwa, akawaambia, "Nataka mji wangu usalimike na mafuriko." Na aliposema mji, alikuwa akitazama waridi.

Fundi Zaharani akashauri ujengwe ukuta wa mawe upande wa kasri.

"Na maji yatakwenda wapi?" akauliza Sultani.

"Yatakata tamaa, Bwana."

Jibu hilo likampendeza sana Sultani. Lakini ulikuwako wasia wa babu yake, ambao kila mtawala wa Kitopeni aliulia kiapo: Mto usizibwe mpaka waulizwe wote uwahusuo. Wasia wa namna hiyo hauvunjwi, ikabidi uzungukwe. Kwanza fundi akatumwa achunguze samaki na ndege na miti ya mtoni. Akachungulia kutoka roshani ya kasri, sharubati mkononi, kisha akaeleza kwamba samaki hawapo, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyejitokeza kumwamkia, na vyura hawana pingamizi. Pili, mpiga mbiu akaamriwa atangaze baraza la maoni, ila atangaze kwa sauti ya chini asiwasumbue wagonjwa, tena asipite Bondeni, kwani watu wa huko wana masikio mazuri.

Huko Bondeni alikaa mtu mmoja jina lake Ngwali. Watu walimwita mpumbavu, naye hakuwabishia, maana mpumbavu haombwi mkopo. Kazi yake ilikuwa kusema, na kwa kuwa kazi hiyo haimshibishi mtu, alilishwa na mkewe, Bi Mize, mfinyanzi hodari wa mitungi. Siku ile Ngwali alikuwa amejilaza nyuma ya duka la halua, ng'ambo ya kasri, akila harufu, ndipo mpiga mbiu alipopita akinong'ona. Ngwali akainuka, akamfuata mpaka kasri.

Akakuta ukumbi umejaa watu wa kasri, na Waziri Shamte amesimama akieleza utaratibu. "Baraza hili ni huru," akasema. "Anayekubali aseme 'Ndiyo.' Asiyekubali naye aseme 'Ndiyo,' ila aseme kwa masikitiko."

Watu wakasema ndiyo, wengine kwa masikitiko, na waziri akawa anakunja joho lake aondoke. Ngwali akanyanyua mkono.

"Bwana wangu," akasema, "wasia wa babu yako unataka waulizwe wote. Nami naona yuko mmoja hajaulizwa, naye ndiye ahusikaye kuliko sisi sote."

"Nani huyo?"

"Mto, Bwana."

Ukumbi ukacheka, ila Sultani hakucheka, kwani aliona anafanyiwa mzaha mbele ya watu wake. "Vema," akasema. "Wewe ndiwe utakayemleta. Masika yakija, mto uje barazani utoe maoni kwa kinywa chake. Usipokuja, kichwa chako kitakuwa jiwe la mwisho la ukuta wangu. Na ukuta uanze kujengwa leo, tusipoteze wakati kwa kungoja majibu ya maswali."

Ngwali akarudi kwake. Bi Mize aliposikia habari akautua udongo aliokuwa akiukanda, akamgeukia.

"Ngwali, mdomo huu nimeulisha miaka yote ili uje uniache mjane?"

"Mke wangu, ukuta ukisimama, maji yote yatatujia sisi. Nilidhani neno moja la kweli..."

"Neno la kweli si uji, halipozwi kwa kupulizwa," akasema Bi Mize. Kisha akaketi karibu naye, kila mmoja akiangalia tanuri la mitungi na vibanda vya jirani vilivyobanana pale bondeni. Ngwali akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na katika hofu hiyo akili ikamjia.

Masika yakakaribia, na ukuta ukasimama imara, mrefu, mzuri, tausi wakapanda juu yake kujionyesha. Mawingu meusi yalipofunga vilele vya milima, Ngwali akaenda kasri akapiga magoti.

"Maulana, mto nimempelekea wito, naye ameitikia. Ila anasema njia ya kuja kasri ameikuta imezibwa kwa mawe. Njia iliyobaki ni ya kwetu. Naye ni mzee mzito, hajui kupanda ngazi. Ikikupendeza, baraza lihamie Bondeni, apate kufika."

Sultani akamgeukia fundi. "Maji yatafika huko?"

Hapo fundi Zaharani akajikuta pabaya, maana akisema ndiyo, amekiri kwamba ukuta wake unaizamisha Bondeni. Akasema, "Bwana, Bondeni hautalowa hata unyayo."

"Kwa ajili ya usalama wa watu," akaongeza waziri, "tulilichunguza jambo hilo kwa makini."

"Basi twendeni," akasema Sultani, "tukae huko mpaka mpumbavu huyu aone aibu yake, kisha akatwe kichwa."

Asubuhi yake mazulia yakatandikwa katikati ya Bondeni, kiti cha enzi kikawekwa kando ya tanuri la Bi Mize, na waziri na fundi wakaketi kulia na kushoto. Sultani akatazama huku na huku, akaona vibanda vitupu, hapana kuku wala mtoto.

"Wenyeji wako wapi?"

"Wamekwisha toa maoni yao, Bwana," akajibu Ngwali. "Wamehamia mlimani."

Mtaani jua lilikuwa likiwaka, lakini milimani ngurumo haikukoma. Mara uzi mwembamba wa maji ukapita chini ya zulia.

"Ni umande," akasema fundi.

Umande ukafika vifundoni. "Umande mzito," akasema fundi. Ulipofika magotini akanyamaza, kwa kuwa elimu ya jangwani ilikuwa imemwishia. Ndipo ukasikika mvumo nyuma ya nyumba, na Mbwera ukaingia barazani wenyewe, wa rangi ya kahawia, umebeba magogo na majani na nusu ya boma la mbuzi. Askari wakakimbia kabla ya kuamriwa. Kiti cha enzi kikaelea kikaenda zake, na Sultani akaparamia tanuri akasimama juu yake, kilemba mkononi.

"Shahidi amefika, Bwana," akasema Ngwali, maji kifuani. "Muulize."

"Mwambie atoke!"

"Baraza ni huru, Bwana. Hafukuzwi mtu."

"Anataka nini?"

"Anauliza kitanda chake cha matete kimekwenda wapi. Anasema kwako amekuta mlango umefungwa, basi amekuja kulala kwetu."

Tanuri likatoa mlio, likaanza kupasuka. Hapo mzaha ukamtoka Ngwali wote, maana alitaka kumlowesha Sultani, hakutaka kumzika. Akambeba Sultani mgongoni, akapaza sauti, "Mize! Mize we!" Kumbe Bi Mize alikuwa amekwisha kuteremka na kamba ya kisimani, na watu wa Bondeni nyuma yake wameshikana mikono. Wakamvuta Ngwali na mzigo wake wa kifalme, kisha wakamvuta waziri kwa ndevu, kwani ndizo zilizokuwa juu ya maji, na fundi wakamtoa katika mtungi mkubwa alimojificha.

Mlimani Sultani akaketishwa kando ya moto, akafunikwa kanga kuukuu, akapewa uji. Akanywa. Kisha akatazama chini, akaona vibanda vikibomoka kimoja kimoja.

"Bibi," akamwambia Bi Mize, "mlijua ukuta wangu ungewafanya hivi?"

"Tulijua, Bwana."

"Nanyi mkanitoa majini?"

"Ulikuwa unazama, Bwana. Mtu akizama hatumuulizi maoni."

Sultani akainamisha kichwa. Halafu akamwona tausi mmoja kule mbali, yuko juu ya ukuta, miguu mikavu, akiringa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka uji ukamwagika. "Wallahi, shahidi wako amesema, nami nimesikia mpaka mifupani," akamwambia Ngwali. "Nyumba za Bondeni nitazijenga mimi. Wewe omba utakalo."

Ngwali akatafakari. Bi Mize akamkanyaga mguu aombe tanuri, na tanuri akaliomba kwanza. Kisha akasema, "Na jambo la pili, Bwana, naomba Waziri na Fundi wapewe nyumba mbili nzuri hapa Bondeni, wakae na wake zao na watoto wao, masika yote, ukuta ukiwa umesimama."

"Wamepewa," akasema Sultani.

Ikawa ajabu ya Kitopeni. Maji hayajakauka sawasawa, watu wakamwona Waziri Shamte amevua joho, na fundi Zaharani amefunga shuka kiunoni, wanabomoa ukuta kwa mikono yao wenyewe, hawataki kusaidiwa wala kupumzika, na anayewauliza sababu wanamjibu kwamba wamelichunguza jambo hilo kwa makini.

Hekaya yangu imepwa hapa. Aliyelowa na aanike nguo zake.