Sifuri ya Madam Aichi

Anayeanza na moja hupungukiwa moja.

Hiyo methali tuliisikia maabara, mchana, tukiosha bika. Mwenzetu Kisa, tuko naye Kidato cha Tano, alikuwa anatamba kwamba chapta ya mwendo ameshaipiga. Tulipombana akakiri ameandika kichwa cha habari na tarehe. "Si nimeanza? Hiyo tayari ni moja," akasema. Bibi Sikitu, mtunza maabara wetu, hakuinua hata uso kwenye beseni. Akasema tu, anayeanza na moja hupungukiwa moja.

"Bibi, hiyo ya wahenga gani?" Kisa akauliza. "Mbona sijawahi kuisikia?"

Bibi Sikitu akajifuta mikono kwenye kanga. "Ya hapahapa. Wahenga wenyewe walikuwa wasichana wa Kidato cha Sita, na mmoja wao mimi." Akavuta stuli, akatusimulia kama ninavyoandika hapa.

Methali hii ilianza hivi.

Mwaka huo sisi wa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, tulikuwa sita. Fizikia alitufundisha Madam Aichi, mwanamke mfupi, anaongea taratibu, chaki anaichomeka nyuma ya sikio kama fundi seremala na penseli yake. Wote tulimpenda, ila Nakijwa alizidi. Nakijwa alikuwa binti wa milima ya huku huku, ana haya mpaka akiitwa jina darasani machozi yanamlengalenga. Kwa Madam Aichi tu ndiyo alikuwa anaongea. Vipindi vikiisha wanabaki benchi la nyuma, anauliza swali, anajibiwa, anauliza lingine. Sisi tunawaacha, tunaenda kula.

Stopwochi ya shule ilikuwa moja, kwa hiyo kwenye praktiko kila mtu alikuwa na kazi yake. Mmoja anapima uzi. Mmoja anaachia gololi ya chuma iliyofungwa kwenye huo uzi. Mmoja anabonyeza saa, waliobaki wanaandika. Kuhesabu ilikuwa kazi ya Madam. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo, kichwa kinatikisika kidogo, gololi ikishaenda na kurudi mara ishirini anasema "basi," tunazima saa. Hatukuwahi kumuuliza anahesabuje. Nani anamuuliza mtu mzima anahesabuje?

Halafu akapata uhamisho, kumfuata mume wake Mtwara. Aliondoka Jumatano. Chai ya saa nne alikunywa na sisi, saa sita gari likaja kumchukua. Nakijwa alisimama getini mpaka vumbi likatulia, na hata lilipotulia hakutoka.

Mwalimu mwingine hakuja. Tukawa tunasoma wenyewe, daftari la huyu linamsaidia yule. Nadharia ilienda. Praktiko ikatugomea. Kwenye vitabu, kile kipimo cha dunia kuvuta vitu ni tisa nukta nane. Sisi tulikuwa tunapata kumi nukta nane, mara kumi nukta tisa. Tukibadilisha uzi, kumi nukta nane. Tukifunga madirisha upepo usiingie, kumi nukta nane. Mwenzetu mmoja akasema labda huku milimani dunia inavuta zaidi. Tukacheka, lakini nusu yetu tuliamini.

Mkuu wa shule akatuita ofisini. "Wanangu, sina mwalimu na sijui nitampata lini," akasema. "Ijumaa ya wiki ijayo anakuja Mwalimu Mbonea kutoka shule ya bondeni. Mkimwonyesha kwamba praktiko mnaiweza wenyewe, mnabaki. Mkishindwa, Jumatatu nawahamishia HGL mkasome historia na wenzenu. Sitawapeleka kwenye mtihani mkafeli nawaona."

Wengine tulihuzunika. Nakijwa alikuwa kama mtu aliyeambiwa ana msiba. Kwake fizikia ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha Madam Aichi. Akifungua daftari anaona ile kalamu nyekundu: "Vizuri, ila kwa nini?" Alikuwa anaigusa kwa kidole. Wangemwondoa fizikia, wangekuwa wamemhamisha Madam mara ya pili.

Mimi nikaja na akili yangu. "Jamani, tupike," nikasema. "Kila muda tukiuongeza sekunde mbili, jibu linakaa lenyewe. Nimejaribu."

Nakijwa akatikisa kichwa. "Madam angejua."

"Madam yuko Mtwara!"

"Angejua tu."

Na kweli kupika kusingetusaidia, maana tulisikia Mwalimu Mbonea hukaa hapo hapo pembeni, na saa ni yake.

Sasa, Nakijwa alikuwa na tabia moja. Ndani ya mlango wa kabati lake alichora mistari ya chaki, mmoja kila siku, tangu Madam aondoke. Alhamisi, siku moja kabla ya mgeni, nilimkuta maabara amekaa chini ya ile gololi, ananung'unika.

"Ishirini na tisa," akasema. "Leo siku ya ishirini na tisa, na barua hata moja sijaipata."

Nikamcheka. Nilikuwa na hasira za HGL, nikataka mtu wa kumtolea. "Mwanafizikia gani hujui hata kuhesabu? Leo ni thelathini. Haya: Jumatano aliyoondoka, moja. Alhamisi, mbili. Ijumaa, tatu..."

"Jumatano si moja."

"Si ndiyo aliyoondoka?"

"Jumatano alikuwepo," akasema. Sauti yake ilipanda, sijawahi kumsikia hivyo. "Chai tulikunywa naye. Kanishika mkono. Ningemkosaje mtu na mkono wake ninao mkononi?"

"Gari lilipoondoka tu, siku yako ya kwanza imeanza."

"Imeanza, haijatimia! Ya kwanza imetimia Alhamisi, wakati kama ule ulipofika na yeye hayupo. Siku aliyoondoka sijamkosa hata siku moja, Sikitu. Siku hiyo ni..."

Akaitazama gololi imening'inia, imetulia. Nikadhani analia.

"Sikitu. Ukiiachia hii, unasemaje?"

"Nasema moja."

"Unasema moja ikiwa wapi?"

"Mkononi. Inatoka mkononi."

"Imekwenda na kurudi?"

"Bado haijaenda po..." Nikajishika mdomo.

Nawaambia, wajukuu zangu, ndipo nilipoona kosa letu. Mwezi mzima tulikuwa tunaihesabia gololi safari ambayo haijaifanya. Tukisema ishirini, yenyewe imefanya kumi na tisa, muda unapungua, jibu linazidi. Tulikuwa tunahesabu kuanza kana kwamba ni kumaliza.

Nakijwa akaishika gololi, akaivuta pembeni kidogo. "Bonyeza," akaniambia. Akaiachia, na ilipotoka kwenye vidole vyake akasema, "Sifuri." Ikaenda, ikarudi. "Moja." Tulirudia kwa nyuzi tano. Hesabu nilifanya mimi, kwenye ubao, kwa chaki. Ikatoka tisa nukta nane.

Niliruka, nikapiga kelele, wenzetu wakaja mbio wakidhani nyoka kaingia. Nakijwa hakuruka. Alikuwa anautazama mlango, kama vile kuna mtu alitakiwa aingie muda huo.

Ijumaa Mwalimu Mbonea akaja, mzee mrefu wa miwani, hacheki. Akakata uzi wake mwenyewe, akatoa saa yake. Akasema, "Mmoja wenu afanye, wengine kaeni." Tukasukumana. Nakijwa ndiye aliyetoka. Akaachia gololi, akasema "sifuri" kwa sauti ndogo lakini maabara nzima tumeisikia. Alipomaliza, Mwalimu Mbonea akachukua karatasi, akaisoma mara mbili.

"Wavulana wangu," akasema, "nusu yao wanaanza na moja, na mwalimu wanaye. Wewe nani kakufundisha kusema sifuri?"

"Madam Aichi."

"Si nasikia hamna mwalimu mwezi mzima? Alikufundisha lini?"

Nakijwa akainamisha kichwa. "Siku aliyoondoka," akasema.

Mwalimu Mbonea alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaenda ofisini kwa mkuu, na Jumatatu tukabaki PCM, wote sita.

Nilimkuta Nakijwa nyuma ya maabara, kwenye yale matenki ya maji, analia kwa kwikwi. Nikamwambia, "Mwenzangu, tumeshinda, unalia nini tena?"

"Nilitaka asikie yeye," akasema. "Si yule mzee. Yeye."

Nikakaa naye. Baadaye akafuta uso na upindo wa sketi, akasema, "Umeona lakini, Sikitu? Nilidhani tunalopungukiwa ni yeye. Kumbe anayeanza na moja hupungukiwa moja." Akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza kusemwa duniani, kwa ninavyojua mimi.

Wenzetu wakaidaka. Mtu akitamba amefua kumbe ameloweka tu, wanampiga nayo. Msichana akisema kijana fulani anampenda kumbe kamsalimia mara moja, wanampiga nayo. Waliotufuata nao wakaichukua, mpaka mabweni yote.

Hapo hadithi ya Bibi Sikitu ikaisha. Kisa akamuuliza kwa upole, "Na Madam Aichi, Bibi? Alirudi?"

"Hakurudi. Barua ilikuja moja, tumeshamaliza mtihani."

"Ilisemaje?"

"Sijui. Nakijwa hakumsomea mtu." Akainuka, akarudisha mikono kwenye beseni. "Ila aliisoma amesimama pale getini, na alipomaliza akaanza tena kuisoma toka juu. Nilimsubiri mpaka kengele ikagongwa. Mtu akiondoka, wajukuu zangu, msiseme siku hiyo hiyo mmeshajua kumkosa. Bado. Hiyo ni sifuri. Anayeanza na moja hupungukiwa moja."