Shimo Huchimbwa kwa Miguu

"Shimo huchimbwa kwa miguu." Mlipomsikia fundi akimwambia hivyo yule kijana mwenye haraka, mlicheka, mkauliza tangu lini miguu ikashika jembe. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, huko milimani Kwemhafa, ambako kila nyumba iko juu ya nyumba nyingine.

Mzee Shemdoe alikuwa seremala, mtu wa mikono stadi na maneno machache. Mkewe, Nambua, aliteleza akavunjika nyonga, akalazwa hospitali. Choo chao kilikuwa cha nje, chini ya migomba, na kukifikia ni kushuka ngazi kumi na tisa za udongo. Siku moja Nambua alimshika mumewe mkono, akamwambia, "Baba Mbelwa, maumivu nitayavumilia. Lakini nisije nikabebwa kwenda chooni kama mzigo wa kuni." Mzee alirudi nyumbani na maneno hayo moyoni, kwa kuwa alimpenda mkewe kuliko alivyowahi kumwambia.

Akaazimia kujenga choo ndani ya nyumba, chenye tangi la maji taka na shimo la kunyonya maji hayo ardhini. Kibali kilitakiwa, akaijaza fomu. Palipoulizwa kama kuna chanzo cha maji karibu, aliandika "Hakuna." Hakuwa mwongo. Bomba la kijiji lilikuwa mbali, na upande wa chini, kwa Mama Kaniki, hakuwa amekanyaga kwa miaka sita, tangu walipogombania mtaro wa maji ya mvua. Wakikutana njiani walisalimiana kwa kukohoa tu.

Zilibaki wiki tatu Nambua aruhusiwe, na mzee hakungoja kibali. Kwamba haraka haraka haina baraka alilijua tangu utotoni, lakini mapenzi nayo hayana subira. Akachimba mwenyewe kwa siku nne, mpaka kichwa chake kikawa hakionekani.

Siku ya tano akaja bwana afya wa kata. Alikuwa mwanamke, jina lake Eliwaza, lakini kule cheo hakivai gauni. Wote walimwita bwana afya, naye akaitika. Alitazama shimo, akatazama fomu.

"Shikamoo, mzee. Umelichimba vizuri. Sasa naomba utembee kutoka hapa kwenda chini, uhesabu hatua mpaka utakapokuta maji."

"Marahaba. Huko hakuna maji, mwanangu."

"Tembea tu, baba."

Akatembea. Hatua ya ishirini na mbili ilimfikisha kwenye ua wa Mama Kaniki, akasimama. Bwana afya alikuwa nyuma yake. Mzee akakohoa, akapita. Hatua ya thelathini na moja akakuta kisima kipya kilichojengewa mawe, na kando yake Mama Kaniki akisuuza nguo. Kamba nzima ilijaa khanga. Mzee alizifahamu. Zilikuwa za Nambua, zile za hospitali alizodhani dada wa mkewe ndiye anayezifua.

"Mama Kaniki," alisema, "tangu lini?"

"Tangu alipolazwa. Mwenyewe alinikataza nisikwambie. Alisema utaona haya." Mama Kaniki akakamua khanga, akaikung'uta. "Na kweli umeona."

Mzee akaketi juu ya jiwe. Aliona haya, na aliona pia jinsi alivyokaribia kuchafua maji yaliyokuwa yakifua nguo za mkewe. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Kati ya shimo na kisima zinatakiwa hatua hamsini," bwana afya alisema taratibu. "Kibali siwezi kukupa. Lile shimo lifukie."

"Na mke wangu je? Amebakiza wiki mbili tu."

Aliyejibu ni Mama Kaniki. Mwisho wa shamba lake, mbali upande wa chini wa kisima, palikuwa na kipande kisichoota ila magugu. "Shimo lichimbwe pale, na bomba lipite ukingoni mwa shamba langu," alisema. "Haya, tukapime."

Wakaenda wote watatu, mzee akihesabu kwa sauti. Kutoka kisimani zilipatikana hatua sabini na nne. Fomu ikaandikwa upya na kutiwa saini palepale, juu ya beseni lililopinduliwa.

Nambua aliporudi, aliingia chooni mwenyewe akishika ukuta, akafunga mlango. Mzee alisimama nje akisikiliza. Alipotoka, akamuuliza mumewe ni nani aliyemchimbia shimo upesi namna ile.

"La kwanza nililichimba kwa jembe," mzee akasema, "nikalifukia. Hili nimelichimba kwa miguu. Nimefika mpaka kisimani kwa Mama Kaniki, hatua thelathini na moja."

Nambua akaegemea bega lake. "Miaka sita," alisema, "kwa hatua thelathini na moja."

Basi mkimwona mtu anashika jembe na jirani yake hajamfikia, msimcheke. Mwambieni kwa upole: shimo huchimbwa kwa miguu.